Usiniambie, Nionyeshe

(Mazungumzo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii pamoja na wagonjwa wa kifua, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Naona waliowahi viti vya dirishani ndio wenye vifua vyao, sisi wengine tumebanana huku katikati. Sawa kabisa. Mwenye pumu hafundishwi pa kukaa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mgonjwa wa mapafu ajisimamie mwenyewe. Nianze na hesabu ndogo. Mgonjwa akihudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa, akakaa na daktari dakika kumi, kwa mwaka mzima wamekaa pamoja saa mbili. Mwaka una saa 8,760. Zote zilizobaki yuko na kifua chake: jikoni, kwenye daladala, shambani, kitandani. Kwa hiyo tusijadili kama anaweza kujisimamia. Anajisimamia tayari, tupende tusipende. Tujiulize tumemwachia nini mkononi.

Mimi ni muuguzi, na pumu ninayo tangu utotoni. Ungedhani ningekuwa mwalimu mzuri. Wapi! Miaka yangu ya mwanzo kazini nilitoa pampu za kuvuta dawa ya pumu kama mwenye duka anavyotoa kiberiti. "Mama, unajua kuitumia?" "Najua." "Haya, tuonane mwezi ujao." Mpaka siku mama mmoja alipokuja na mwanawe wa miaka minne, mara ya tatu ndani ya mwezi, kifua kinapiga filimbi unaisikia toka mlangoni. Dawa anayo, na anampa kila siku. Sijui nini kilinijia, nikasema hebu nionyeshe unavyompa. Akafungua kitambaa safi, akaitoa pampu, akaifuta mdomo, akampakata mtoto, akamshika kidevu taratibu, akampulizia puani. Mtoto akapiga chafya. Mama akaniangalia kama mwanafunzi aliyejibu vizuri.

Nikafungua daftari lake la kliniki nione ni nani aliyeandika "ameelekezwa". Mwandiko ulikuwa wangu.

Tangu hapo sina tena swali la "unajua?" Nasema nionyeshe. Hata kwa wazee, kwa heshima zote: "Baba, naomba unionyeshe unavyoivuta." Na mkono ndio unaosema kweli. Utaona asiyetikisa. Utaona anayebonyeza kwanza ndipo akumbuke kuvuta, dawa yote imebaki kwenye ulimi. Utaona anayebonyeza mara mbili kwa mkupuo ili asichelewe daladala. Inavyotakiwa ni hivi: tikisa, toa pumzi mpaka iishe, banisha midomo kwenye pampu, anza kuvuta polepole na hapo hapo ubonyeze, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha shikilia pumzi mpaka kumi kama unaweza. Pumzika kidogo, ndipo mara ya pili. Rahisi kuisema, ngumu kuifanya mtu anapohema. Mimi mwenyewe kifua kikinibana hunishinda.

Ndiyo maana nimekuja na chupa hizi. Ni chupa za maji za nusu lita, hizi hizi zinazozagaa barabarani. Unatoboa kitako kwa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, unaichomeka, unaziba pembeni kwa gundi au plasta pasivuje hewa. Mgonjwa anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anapumua kawaida mara tano au sita, ndani nje, ndani nje. Hakuna kulenga, hakuna haraka. Mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar na wenzake kule Cape Town walilinganisha chupa ya namna hii na kifaa cha kununua, kwa watoto wenye pumu. Chupa iliyozibwa vizuri ilifungua vifua sawasawa na kile cha dukani. Isiyozibwa ilizidiwa, na kikombe cha plastiki laini kikawa cha mwisho. Kwa hiyo, gundi tusiifanyie ubahili. Ikichafuka, osha kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe. Usiifute na kanga, maana ukiifuta dawa itang'ang'ania kuta za chupa badala ya kwenda kwa mgonjwa.

Sasa jambo linaloniumiza zaidi. Nilikuwa na mzee mmoja aliyekula miaka yake kwenye korona, kiwanda cha kuchambua mkonge, upande wa kupigia nyuzi brashi, kwenye vumbi lenyewe. Alipewa pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu akawa anaimaliza kwa wiki tatu. Ina mibonyezo 200 ile, pigeni hesabu: karibu kumi kwa siku. Nikamuuliza, na ya kahawia? Akaniambia ipo kabatini, haijafunguliwa. "Hiyo ya ghali, mwanangu. Nimeiweka ya siku mbaya."

Msicheke. Mtu aliyekulia kwenye shida hufanya hivyo hivyo: kizuri hakiliwi siku ya kawaida. Sisi ndio hatukumwambia kuwa kazi za pampu hizo ni mbili tofauti. Ya bluu, yaani salbutamo, hulegeza misuli iliyokaza njia za hewa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na baada ya saa chache imeisha nguvu. Ya kahawia inatuliza uvimbe wa ndani, polepole, siku hadi wiki, na siku mbaya ikishafika imechelewa. Nilipomaliza kueleza, mzee akatikisa kichwa: "Kumbe hii ni ya kuzibua mitaro kabla ya masika." Maneno hayo nimemwibia, nayatumia mpaka leo. (Rangi hutegemea aliyeitengeneza, lakini. Someni jina lililoandikwa.) Ukishaivuta hiyo ya kahawia, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Na si mawazo yangu. GINA, wanaotoa mwongozo wa pumu wa kimataifa, tangu 2019 hawapendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamo peke yake. Najua mtaniambia zahanati yenu ina vidonge vya salbutamo tu. Najua. Vidonge vinapita tumboni kwanza, vinachelewa, na vinatetemesha mikono. Andikeni kwenye ripoti kila mwezi kwamba pampu hakuna, mpaka mtu wa juu achoke kuisoma.

Kuna wale wasemao ukianza pampu umekwisha, au hutaiacha tena. Na mabinti wanaoificha mpaka harusi ipite. Hao usiwahubirie. Mimi huitoa yangu mkobani nikaivuta mbele yao, tukaendelea na mazungumzo.

Si kila kifua kinachobana ni pumu. Kuna waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu kwenye mapafu. Wakikohoa, jirani anahama benchi. Wakirudi hospitali, wengine huanzishiwa dozi upya bila makohozi kupimwa. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe, ndiyo, hata kwa aliyewahi kupona. Lakini kipimo kikisema hakuna, mwambieni mtu huyo na familia yake kwamba haambukizi. Kuna na kina mama wa kuni na mkaa, miaka thelathini juu ya mafiga, na wavuta sigara. Hao kinachowamaliza mara nyingi ni kukaa. Akipanda ngazi anahema, anaogopa, anaacha kutembea. Miguu inalegea, na miguu iliyolegea inamhemesha zaidi. Atembee. Kwenda msikitini au kanisani apumzike penye mwembe, kesho apumzike hapo hapo, wiki ijayo aupite kidogo. Akihema: aketi, viwiko magotini, avute kwa pua, atoe kwa midomo iliyobanwa kama anapoza chai, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

La mwisho kabla ya kazi za mikono. Nyuma ya daftari la kila mgonjwa muandike, kwa lugha yake mwenyewe, lini asingoje: akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, au nafuu ya pampu ya bluu isipodumu hata kwa muda wa saa tatu. Hapo ni kubonyeza kwenye chupa mara nne, moja moja, huku bodaboda inaitwa. Na namba ya huyo wa bodaboda iandikwe hapo hapo, pamoja na jina la jirani wa kubaki na watoto, maana mama wengi huchelewa kwa hilo tu.

Haya, chupa ziko mezani, gundi ipo. Waya wa kutobolea chupa tutautia moto kule nje, chini ya mwarobaini, na wenye vifua mbaki upande upepo unakotokea. Sitaki moshi wa plastiki unitie kazini Jumamosi.