Kichupa cha Binamu: Breki za Gari la Kasi kwa Bajeti Ndogo

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Mimi Baraka, na dada Hidaya yuko hapa na karatasi aliyoiandika pande zote mbili.

HIDAYA: Hamjambo wasikilizaji. Karatasi ina mambo matano ya kuboresha breki za gari lenye kasi unaloendesha kila siku, bila kumaliza akiba yako. Tuliahidi, kwa hiyo leo tunayapitia yote.

BARAKA: Kabla hujaanza, nisimulie la Jumamosi, maana linahusiana. Nilikuwa ndani ya gari la binamu yangu.

HIDAYA: Binamu wa ile ekzosi.

BARAKA: Huyo huyo. Ekzosi imetulia, sasa amehamia kwenye breki. Mbele ameweka diski mpya zenye matundu, na kalipa, yale mashiko yanayobana pedi kwenye diski, amezipaka rangi nyekundu. Tukaanza kuteremka mlima, kona juu ya kona, naye anaendesha kwa moyo wote. Kona za mwanzo breki zinashika vizuri kabisa. Tulipofika katikati ya mteremko akaniambia, "Pedali imekuwa laini." Kona iliyofuata mguu ukazama mpaka karibu na sakafu.

HIDAYA: Mungu wangu. Akafanyaje?

BARAKA: Akapampu. Pedali ikapanda kidogo, akashusha gia mpaka ya pili, injini ikalishika gari, tukaegesha pembeni. Nimeshuka miguu inatetemeka. Naye akafungua buti akatoa kichupa cha mafuta ya breki. Kilifunguliwa zamani, kifuniko kimekaa upande. Akasema anaongeza kidogo halafu tunaendelea na safari.

HIDAYA: Subiri. Kifuniko kilikuwa wazi?

BARAKA: Kilikuwa kimewekwa juu tu, hakijafungwa.

HIDAYA: Na kimekaa ndani ya buti muda gani?

BARAKA: Hata mwenyewe hakumbuki.

HIDAYA: Basi karatasi isubiri kidogo. Watu wengi wanacho kichupa kama hicho, na ndicho kinachowaumiza. Mafuta ya breki tunayotumia wengi, ya madaraja yanayoandikwa kwenye kichupa DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yananyonya unyevu. Ukiacha kichupa wazi yanakunywa maji kutoka hewani. Hata yaliyomo ndani ya gari, pamoja na kwamba mfumo umefungwa, unyevu unapenya polepole kupitia paipu za mpira.

BARAKA: Na maji yakiingia, yanachemka mapema.

HIDAYA: Mapema sana. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu wa kiwango kinachotumika kuipima, asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hiyo DOT 4 iliyozeeka inaweza kuchemka kabla ya DOT 3 iliyotoka dukani leo.

BARAKA: Yaani namba kubwa kwenye kichupa haikusaidii kama kichupa chenyewe kimezeeka.

HIDAYA: Ndiyo maana nimekuuliza habari za kifuniko! Mafuta yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi yakapungua, lakini mvuke unabanwa. Mguu wako unaminya mvuke, pedi hazipati nguvu, pedali inazama. Alipopampu alisukuma mafuta zaidi, ndiyo maana ikapanda kidogo.

BARAKA: Tulipokaa pale breki zikapoa, na pedali ikarudi kuwa ngumu kabisa. Binamu akaamini ni kile kichupa kilichomponya.

HIDAYA: Aliongeza?!

BARAKA: Matone kadhaa, kabla sijamzuia.

HIDAYA: Kaka Baraka! Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji, pedali inasimama tena. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu anaamini amepona, anateremka tena na yale yale mafuta, na maji yake yale yale. Msikilizaji, ukishaonja pedali kuzama hivyo, mafuta yote yamwagwe, yawekwe mapya, upepo utolewe magurudumu yote manne. Hakuna kuongeza.

BARAKA: Na kichupa?

HIDAYA: Kichupa kitupwe. Nunua kidogo kidogo, chupa iliyofungwa kwa lakiri, ukifungua tumia. Kilichobaki usikiweke akiba.

BARAKA: Haya, tumeanza na mafuta, tuseme hilo ndilo jambo la kwanza kwenye karatasi.

HIDAYA: Kwenye karatasi lilikuwa la nne, lakini sasa limepanda cheo. Watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha kila baada ya miaka 2. Kama unapenda milima au unaenda uwanjani kukimbiza gari, mapema zaidi. Na hapo hapo kuna jambo la DOT 5, ile isiyo na nukta moja.

BARAKA: Tunaingia tena kwenye kichupa.

HIDAYA: Lazima tuingie. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine kabisa. DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4. Majina yanafanana, vitu ni tofauti. Mtu anaona 5 ni kubwa kuliko 4, anamimina, anaharibu mfumo mzima. Je, kichupa cha binamu kiliandikwaje?

BARAKA: Maandishi yalikuwa yamefutika.

HIDAYA: Basi hatujui hata alimimina nini.

BARAKA: Hilo nimemwambia, na gari limelala mpaka limwagwe. Lakini dada, sikubali kwamba kisa chote ni mafuta. Kulikuwa na harufu pia. Ile harufu kali ya pedi kuungua, tuliisikia kabla pedali haijalegea.

HIDAYA: Harufu ni pedi, kweli. Tuwatenganishie wasikilizaji. Pedi zikizidiwa na joto, pedali inabaki ngumu, unakandamiza kwa nguvu na gari halipungui. Mafuta yakichemka, pedali inalainika na kuzama. Dalili ni mbili na tiba ni mbili.

BARAKA: Na sisi tulipata zote mbili, moja ikifuata nyingine. Hapo ndipo nasema joto lilikuwa kubwa kuliko breki zenyewe. Sikiliza hesabu. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 120 kwa saa linatoa karibu kilojuli 780. Kutoka 60 ni robo tu ya hizo, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili nishati inazidi mara nne. Tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70, na kila diski ina uzito wa kilo 6. Breki moja tu ya nguvu inapandisha kila diski karibu nyuzi 100.

HIDAYA: Sawa.

BARAKA: Sasa mlima. Gari hilo hilo likishuka mita 300 za kimo, bila kusaidiwa na injini, linatoa nishati inayozidi kusimama mara 5 kutoka 120. Na ongeza kwamba binamu ameweka diski zenye matundu. Kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho kinachobeba joto.

HIDAYA: Kwenye matundu tuko pamoja. Zamani pedi zilitoa gesi nyingi zikipata moto, matundu yakasaidia kuipitisha. Pedi za siku hizi hazina shida kubwa hivyo, na kwenye joto kali nyufa huanzia pembeni mwa matundu. Kama unataka kitu cha kufagia pedi, diski zenye mifereji. Kwa gari la barabarani mimi naridhika na diski za kawaida zisizo na tundu, zile zenye nafasi ya hewa katikati.

BARAKA: Basi hatua inayofuata ni dhahiri. Achukue breki za ndugu mkubwa wa gari lake, modeli ile ile yenye injini kubwa. Mara nyingi watengenezaji huipa diski kubwa zaidi. Mfano mzuri ni Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza. Yenye injini ya 1.6 ina diski za mbele za milimita 235, ya 1.8 ina za milimita 255. Gari ni lile lile, chuma kimeongezeka. Zikipatikana zilizotumika, bei yake haikaribii kabisa zile seti kubwa za pistoni sita zinazopigwa picha.

HIDAYA: Mimi hapo nakataa.

BARAKA: Nilijua.

HIDAYA: Kama ukikandamiza breki ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inaanza kufanya kazi, maana yake breki zina nguvu kuliko tairi zinavyoweza kushika. Diski kubwa haitalisimamisha gari mapema zaidi. Pesa hizo aweke mafuta mapya, pedi nzuri zinazovumilia joto, na tairi. Zikibaki, anunue tairi bora zaidi.

BARAKA: Unazungumzia breki ya kwanza, mimi nazungumzia ya sita. Gari la mbio la Jaguar C-Type liliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1953 likiwa na breki za diski, ushindi wake haukutoka kwenye kubana kwa nguvu tu. Breki za ngoma, za mtindo wa zamani, zilikuwa zinabana pia, lakini joto linanaswa ndani yake. Diski iko nje kwenye upepo, inapoa. Suala tangu hapo ni joto linakwenda wapi.

HIDAYA: Le Mans ni saa 24 za mbio. Binamu anateremka mlima, tena ana gia. Angeanza kuteremka kwa gia ya pili au ya tatu, injini ingebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kununua hata boliti moja.

BARAKA: Gia ashuke nayo, nakubali. Lakini anaishi kwenye milima hiyo, anashuka kila wiki, mara nyingine na watu wanne ndani.

HIDAYA: Na kalipa zilizotumika? Mipira ya ndani imekauka, pistoni ina kutu, hujui ilikaa wapi. Breki ikigoma kuachia, inaburuza na kupika mafuta mapya uliyotoka kuweka. Tena pistoni ikiwa kubwa zaidi inadai mafuta zaidi, pedali inashuka zaidi kabla ya kushika, na mgawanyo kati ya mbele na nyuma unavurugika. Mbele inafanya kazi mno, nyuma inasindikiza.

BARAKA: Ndiyo maana nimesema ndugu mkubwa wa gari lile lile. Chukua mbele na nyuma pamoja, na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, kama inatofautiana. Wahandisi walishapima mgawanyo huo. Mipira mipya inauzwa, fundi anafungua kalipa, anasafisha, anabadilisha.

HIDAYA: Ukishachukua mbele, nyuma, masta silinda, mipira, na pengine rimu kwa sababu za zamani haziingii juu ya diski kubwa, bado unaiita bajeti ndogo?

BARAKA: Ndogo kuliko kugonga ukingo.

HIDAYA: Hiyo si hoja, Baraka, hiyo ni kunitisha. Hatujui mfumo wake unaweza nini ukiwa mzima, kwa sababu tangu alinunue hajawahi kuuona ukiwa mzima. Mafuta ya kale, pedi za bei ya chini kabisa, diski za matundu. Aweke sawa hivyo vitatu, ateremke, apime. Akizidiwa tena ndipo tuzungumze.

BARAKA: Na siku ya kupima akizidiwa tena, nani yuko ndani ya gari?

HIDAYA: Anapima polepole, si kwa kasi ile.

BARAKA: Hesabu ya joto haibadiliki kwa kuweka pedi. Pedi inavumilia joto, haiondoi.

HIDAYA: Na diski ya milimita 20 zaidi haiondoi maji kwenye mafuta.

BARAKA: Sikusema inaondoa.

HIDAYA: Basi tumekwama.

BARAKA: Tumekwama kweli. Mimi sitamwambia binamu abaki na diski zile ndogo.

HIDAYA: Na mimi sitamwambia mtu anunue kalipa za mitumba kabla ya kumwaga mafuta.

BARAKA: Kumwaga mafuta ni lazima, hilo halina ubishi. Zimebaki dakika mbili. Kwenye karatasi kuna nini bado?

HIDAYA: Paipu za kusuka kwa waya, tairi, kusoma unene wa chini ulioandikwa kwenye diski, na kuzoesha pedi mpya. Hayatoshi dakika mbili. Paipu ziacheni kwa sasa, zinafanya pedali iwe thabiti, hazipunguzi umbali wa kusimama. Nitasema kuzoesha pedi tu, kwa sababu kuna mtu anafunga pedi kesho asubuhi.

BARAKA: Haraka.

HIDAYA: Barabara tupu. Shuka kutoka kama kilomita 100 hadi 20 kwa breki imara, usisimame kabisa, ongeza mwendo, rudia mara kadhaa kama maelekezo ya pedi yanavyosema. Halafu endesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame mguu ukiwa juu ya pedali breki zikiwa na moto, pedi inaacha alama pale ilipogandamana, na baadaye usukani unatetemeka, unadhani diski imepinda wakati...

BARAKA: Dada, wanatuzimia.

HIDAYA: ...wakati ni tabaka la pedi lisilolingana. Tairi tutaongea wiki ijayo.

BARAKA: Na diski.

HIDAYA: Tairi kwanza.