"Ni Mzee Tu": Mhadhara Kuhusu Mbwa wa Kuokolewa Mwenye Baridi Yabisi

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunazungumzia mbwa waliookolewa mitaani, ambao sasa wamezeeka na viungo vyao vimechakaa, yaani wana baridi yabisi. Nianze na maneno yanayosemwa kila siku hapa Kampala, nayo yanawaumiza mbwa hawa kuliko tunavyodhani: "Ni mzee tu." Uzee peke yake haumfanyi mbwa achechemee. Anayechechemea anaumwa, na maumivu yanaweza kupunguzwa sana hata kama ugonjwa wenyewe haupoi.

Ndani ya kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, utando laini unaoteleza, na katikati kuna ute wa kulainisha. Gegedu likilika, mfupa huota vijiba pembeni, kiungo huvimba, na mbwa huanza kuuhurumia mguu. Mguu usiofanya kazi hupoteza misuli. Sasa misuli ndiyo inayokishikilia kiungo, kwa hiyo ikisinyaa kiungo hulegea na kuuma zaidi. Huo ndio mzunguko tunaotaka kuukata. Kwa mbwa wa kuokolewa, mara nyingi chanzo ni cha zamani: aligongwa na boda boda, mfupa ukaunga wenyewe ukiwa umepinda, na tangu hapo uzito umelemea upande mmoja.

Mbwa aliyekulia mtaani halii ovyo akiumwa. Msisubiri kilio. Mtazameni asubuhi anapoinuka: anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata kwa shida, kisha baada ya dakika chache za kutembea analainika. Pitisheni mikono kwenye mapaja yote mawili kwa wakati mmoja mlinganishe unene. Tazameni kama analamba sehemu moja mpaka manyoya yamekuwa ya kahawia. Na akigeuka kukutishia meno unapomgusa nyonga, usiseme ukali wa mtaani umemrudia. Mara nyingi ni nyonga inayosema. Mkaribie kwa ubavu, mwite kwanza, anza kumgusa begani.

Hata hivyo, si kila kuchechemea ni baridi yabisi. Kwanza kagueni nyayo, hasa mnaotoka sehemu zenye vumbi na mchanga: funza huingia katikati ya vidole na chini ya kucha, na mbwa mwenye funza hutembea kama mwenye viungo vibovu. Pili, kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ugonjwa wa ehrlichia, unaoleta homa na maumivu ya viungo. Pima joto: la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likizidi hapo wakati mbwa ametulia, na fizi zimepauka, huyo anahitaji kupimwa damu. Na akiburuta miguu ya nyuma mpaka kucha zinachubuka kwa juu, mfikirieni mgongo na mishipa ya fahamu kabla ya magoti.

Tukishajua ni viungo, kazi ya kwanza ni uzito. Hapa sina maneno laini: mbwa mnene mwenye baridi yabisi hatapata nafuu ya kutosha kwa dawa yoyote. Gusa mbavu zake. Ukizihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako kilichonyooshwa, yuko sawa. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amezidi. Mpakate, panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Unapombeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, miguu isining'inie. Punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, umpime tena baada ya wiki mbili. Wa kilo 25 apungue gramu 250 hadi 500 kwa wiki, si zaidi. Punguza posho (ugali), usipunguze mukene (dagaa) wala nyama, kwa sababu protini ndiyo inayolinda misuli. Mukene wa kulisha wanyama mara nyingi umeanikwa juu ya mchanga, basi uoshe kwa maji mengi kabla ya kuupika.

Desturi yetu ya kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku alinde inamuumiza huyu mzee. Kiungo kilichokaa saa kumi hukakamaa. Mtembezeni dakika kumi mara tatu kwa siku, kwenye ardhi tambarare, kuliko saa nzima ya kupanda na kushuka vilima siku ya Jumapili. Akichechemea zaidi kesho yake, mlizidisha. Rudini nyuma kwa nusu. Alale juu ya godoro la sponji la angalau sentimita 10, lililoinuliwa kutoka kwenye saruji kwa mbao, maana msimu wa mvua sakafu hubaki na unyevu. Kwenye vigae vinavyoteleza wekeni mpira. Mkeka wa ukindu unateleza pamoja naye. Kucha zikigonga sakafu akitembea, ni ndefu, zikatwe.

Sasa dawa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usimpe mbwa vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofen na diclofenac, zinazouzwa kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Anayetapika, kukataa chakula, au kutoa kinyesi cheusi kama lami baada ya kupewa dawa hizo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Daktari wa mifugo mara nyingi huandika meloxicam, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe: miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 20 anapata miligramu 4, halafu 2. Kidonge cha binadamu cha miligramu 15 ni zaidi ya mara saba ya dozi yake ya kila siku, na hilo ndilo kosa linaloua. Meloxicam ya maji, yenye miligramu 1.5 kwa mililita, hupimika kwa usahihi kwa bomba la sindano. Wala isichanganywe na dawa za steroidi kama dexamethasone au prednisolone. Sindano hizo hupigwa upesi sana kwetu, mbwa akaonekana amepona siku mbili, na watu hawataji kwamba amechomwa. Tajeni! Kabla ya kumweka kwenye dawa ya muda mrefu, damu yake ipimwe figo na ini, na irudiwe kila baada ya miezi sita.

Jambo moja zaidi. Mbwa akifika kliniki, hofu humfanya atembee vizuri, na wa kuokolewa ndiye mwenye hofu kuliko wote. Daktari atamwona mzima. Kwa hiyo mrekodini kwa simu nyumbani: anavyoinuka alfajiri, anavyopanda ngazi, anavyogeuka. Nusu dakika kila moja inatosha, ikichukuliwa kwa ubavu na kwa nyuma. Andikeni pia siku mbaya na siku nzuri kwenye kalenda ya ukutani. Siku mbaya zikizidi nzuri mwezi mzima licha ya dawa, huo ni wakati wa kuzungumza na daktari waziwazi kuhusu hatua inayofuata, ikiwemo kumlaza usingizi wa mwisho. Waliokuja na video wasogee mbele, tutaanza na maswali yao.