Kutoka uaskari hadi uafisa katika Jeshi la Marekani: nisikilizeni kabla hamjasaini

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nina swali moja tu mezani, maana halipiti juma bila kijana mwenye digrii kuniandikia: "Kaka, nikishaingia Jeshi la Marekani kama askari, baada ya muda gani watanipandisha niwe afisa?" Nitajibu kama mtu aliyeipita njia hiyo. Niliingia askari wa kawaida, leo ni luteni usu. Ninayosema ni yangu mwenyewe, siyasemi kwa niaba ya jeshi.

Jibu ni kwamba hawakupandishi. Ukifanya kazi vizuri utapanda kuwa koplo, kisha sajini, na ukidumu unaweza kufika sajini meja, mtu ambaye hata kanali humsikiliza kwa makini. Uafisa uko upande mwingine kabisa. Una mlango wake, na mlango huo lazima ubishe hodi wewe mwenyewe. Nimeona vijana wenye shahada nzuri wakikaa mkataba mzima wakingoja kuonwa. Hakuna anayekuja kukutafuta.

Tazameni viapo vyenyewe. Askari anapoapa, anatamka kwamba atatii amri za Rais na za maafisa waliowekwa juu yake. Kwenye kiapo cha afisa maneno hayo hayamo. Afisa anaapa kuitetea Katiba na kutekeleza vema majukumu ya nafasi anayoingia. Amri bado anapokea na bado anatii, msinielewe vibaya. Ila sasa kuamua ni sehemu ya kazi yake, na uamuzi ukiharibika, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Sasa vigezo. Kabla ya yote, uraia. Kwa kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, unaweza kuwa askari, lakini kupata kamisheni, yaani kuteuliwa rasmi kuwa afisa, unahitaji uwe raia, na upekuzi wa usalama wa kukuruhusu kushika siri za serikali ni wa raia. Sheria inawasaidia wanajeshi: tangu amri ya Rais Bush ya mwaka 2002, anayetumikia jeshi katika kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka 5 ya wengine, na halipi ada ya maombi. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaruhusiwa uraia pacha. Mtanzania mwenzangu, wewe huruhusiwi. Ukila kiapo cha uraia huku, kule unakoma kuwa raia. Naomba hili mlitafakari mkiwa bado nyumbani, wazazi wakiwa mbele yenu. Mimi kabla ya kuapa nilimpigia simu baba, halafu mama, kila mmoja peke yake, kwa sababu nilitaka kila mmoja aseme la moyoni. Yalikuwa mazungumzo mazito kuliko usaili wowote niliofanyiwa jeshini.

Baada ya uraia, digrii. Ya nyumbani inatambulika, lakini lazima ifanyiwe tathmini na taasisi inayokubalika huku, kwa hiyo njooni na matokeo yenu kamili ya chuo. Mwenye digrii huanzia daraja la E-4, la nne katika madaraja ya askari, badala ya kuanzia chini kabisa. Wengi wakiliona hilo kwenye karatasi hudhani tayari wako njiani kuwa maafisa. E-4 ni askari.

Kisha kuna alama inayoitwa GT, inayotokana na mtihani wa kuingilia jeshini. Ili uombe shule ya maafisa unatakiwa ufikishe 110. Inapima msamiati wa Kiingereza, kusoma na kuelewa, na hesabu za mafumbo. Kwa sisi tuliosoma hesabu vizuri, kinachotuangusha ni msamiati. Ukipata chini ya hapo usikate tamaa: kambini kuna kituo cha elimu chenye darasa la kuinua alama hiyo, bure, na mkuu wako akikuruhusu unahudhuria saa za kazi. Baadaye unarudia mtihani.

Njia ziko kadhaa. Mwenye digrii huomba Shule ya Maafisa Wanafunzi iliyoko Fort Benning, Georgia, majuma 12. Asiyemaliza chuo kuna mpango uitwao Green to Gold: unaenda kumaliza masomo, na kwenye aina mojawapo unaendelea kulipwa mshahara wako wa jeshi hadi miezi 24. Wauguzi, madaktari, wanasheria na viongozi wa dini wana njia zao, nitazitengenezea video ya peke yake.

Ila kuna karatasi ambayo hakuna darasa linaloweza kukupatia, nayo ni pendekezo la wakuu wako. Kamanda wa kombania akiletewa maombi yako atamgeukia sajini wako amuulize, "Huyu yukoje?" Hapo Kiingereza chako hakitakusaidia. Sajini atasema kama unachelewa gwaride, kama unasaidia wenzako kusafisha silaha zao wakati yako imeshapokelewa ghalani. Kwa hiyo maombi ya uafisa huanza kuandikwa siku ya kwanza unaporipoti kikosini, hata kama wewe hujaamua.

Shuleni kwenyewe, mbio na mazoezi askari wa zamani anayamudu. Kilichonibana ni amri ya operesheni. Unapewa muda mfupi, ramani, na kazi ya kufanya. Unatakiwa usimame mbele ya wenzako ueleze sehemu tano kwa mpangilio: hali ilivyo, kazi yenyewe, utekelezaji, mahitaji na huduma, halafu amri na mawasiliano. Nilipokuwa askari nilisikiliza sehemu inayonihusu tu. Sasa mkufunzi anakukatiza: "Majeruhi wawili, helikopta haiwezi kutua. Unafanya nini?" Wenzako wote wanakutazama. Ukikaa kimya, ukimya nao unaandikwa.

Siku ya kamisheni kuna desturi ninayoipenda sana. Luteni mpya anapigiwa saluti yake ya kwanza na askari au sajini, naye anampa sarafu ya dola ya fedha. Mimi nilimwomba sajini aliyenifundisha kazi. Miaka yote ni mimi niliyekuwa nikisimama wima mbele yake akinikagua mpaka kamba za viatu. Siku hiyo alisimama yeye, mkono ukapanda, na nikamwona anazuia machozi. Mimi sikuyazuia.

Ukubali pia kwamba urafiki unabadilika. Kanuni zinakataza afisa kuwa na uhusiano wa kimapenzi, wa biashara au wa kukopeshana fedha na askari wa kawaida. Wale mliolala chumba kimoja, mkapika ugali pamoja Jumapili, mtaheshimiana na kusalimiana, lakini ule ukaribu hauruhusiwi kubaki vile vile. Hili liliniuma, na linaniuma bado.

Kuhusu fedha, nitawapa namba za mwaka 2025. Luteni usu mpya asiye na historia ya uaskari alianza na karibu dola 4,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Aliyetumikia zaidi ya miaka 4 kama askari huwekwa kwenye daraja la mshahara la O-1E, la luteni usu aliyewahi kuwa askari, na alianza na zaidi ya dola 5,000. Miaka yako ya jasho inahesabiwa. Lakini posho ya chakula ya afisa ni ndogo kuliko ya askari, mwaka huo ilikuwa dola 320 hivi kwa mwezi dhidi ya 465, na sare unanunua mwenyewe. Na wewe sajini uliyekwisha kutumikia miaka mingi, piga hesabu kwanza: ili ustaafu kwa cheo cha uafisa, kwa kawaida unahitaji miaka 10 ya kamisheni.

Kwa anayeona mgeni hawezi kufika mbali, msome John Shalikashvili. Alizaliwa Warsaw, Poland, akafika Marekani 1952 akiwa na miaka 16. Mwaka 1958 alipata uraia na akaitwa jeshini kama askari wa kawaida. Aliomba shule ya maafisa, akapata kamisheni 1959. Mwaka 1993 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ya Marekani, wa kwanza aliyezaliwa nje ya nchi hiyo.

Kwa hiyo wewe mwenye digrii unayekutana na mwandikishaji mwezi huu, muulize mambo matatu kabla kalamu haijagusa karatasi: GT yangu ni ngapi, mkataba huu ni wa miaka mingapi, na kazi mnayonipa itaniacha na muda wa kushughulikia uraia na maombi? Akijibu kwa mdomo tu, mwombe akuonyeshe ilipoandikwa. Ukishapata majibu, niandikie hapo chini tuyapitie pamoja.