Mwenye Msiba Akae Wapi Mahakamani?

Asanteni. Nianze na ile karatasi inayobandikwa asubuhi kwenye ubao wa mahakama, orodha ya kesi za siku. Nilimkuta mama mmoja akiipitisha kidole, anatafuta jina la marehemu mwanawe. Hakuliona, akajua kesi imefutwa. Kumbe iko pale pale, ya tatu kutoka juu: Jamhuri dhidi ya fulani. Fulani ni mshtakiwa.

Huo ndio utaratibu ambao hapa Kenya tuliurithi kwa Waingereza. Ukiuliwa mwana, aliyekosewa ni Jamhuri. Wewe ni shahidi. Na shahidi hukaa nje mpaka aitwe, asije akasikia ya wenzake. Familia ikijikamua ikaweka wakili, wakili huyo kazi yake ilikuwa kukaa na kusikiliza, labda amnong'oneze kiongozi wa mashtaka.

Katiba ya 2010, ibara ya 50(9), ililiagiza Bunge litunge sheria ya waathiriwa, nayo ikapatikana mwaka 2014. Lakini sheria kuwa kitabuni ni jambo moja. Katika kesi ya mauaji iliyoanzia Mahakama Kuu ya Bungoma, wakili wa familia aliomba kushiriki, si kutazama tu. Upande wa mshtakiwa ukapinga mpaka Mahakama ya Juu, ile ya mwisho nchini, na uamuzi ukatoka Septemba 2020: mwathiriwa ana haki ya kusikizwa, yeye au wakili wake, ila asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili. Usukani unabaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na jaji ndiye anayepima ni lini na kwa kiasi gani, mshtakiwa asionewe.

Mawakili wenzangu wa utetezi hulalamika kwamba sasa ni wawili kwa mmoja. Siwacheki. Nimewaona washtakiwa wasio na wakili, wamesimama kizimbani hata hawajui waulize nini. Mpaka uliowekwa naukubali.

Ila tunabishana sana juu ya nani asimame aulize maswali, na wengi ninaokutana nao hawadai hata hilo. Wanataka kuambiwa. Sheria ile ya 2014 inasema usalama wa mwathiriwa na jamaa zake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Sasa, msichana mmoja alijua mshtakiwa wake ametoka siku alipomkuta steji ya bodaboda, amekaa juu ya pikipiki anakula mahindi. Hakuna aliyempigia simu. Haki ya kushiriki ataitumiaje mtu asiyejua hata tarehe ya kesi?

Kwa hiyo nyinyi wasaidizi wa kisheria, kabla hamjamtafutia mtu wakili, mwandikieni namba ya kesi, namba ya chumba na tarehe ya kurudi. Yule mama nilimwandikia kwenye kipande cha bahasha. Hakukisoma. Alikifunga kwenye pindo la leso pamoja na nauli, kisha akaniuliza kama jaji atamruhusu aje na picha.

Haya, naona mikono. Tuanzie kule nyuma.