Msiniulize baridi ilikuwa kali vipi, niulizeni kilichofuata

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu wote habari za siku. Mnanisikia vizuri? Nimeifunga maiki kitambaa kwa sababu ya upepo. Niko Göttingen, katikati ya Ujerumani, natembea juu ya ngome ya zamani ya mji, hii ya udongo iliyopandwa miti juu yake. Kipimajoto cha asubuhi kilisoma nyuzi 6 chini ya sifuri, na mnaona mvuke ukinitoka mdomoni kila nikisema neno.

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Makete, kule kwetu Njombe, aliniandikia hivi: "Dada, baridi ikiwa kali namna hiyo, mwaka unaofuata huwa unakuwaje? Huwa mnavuna?" Kaka yangu, tangu nianze kurekodi hizi video watu wananiuliza navaa makoti mangapi, maji ya bombani yanaganda au hayagandi. Wewe umeuliza swali la mkulima. Nimelibeba wiki nzima, nimesoma, nimewauliza wazee wa hapa, na leo nalijibu.

Sisi tuliokulia Makete swali hili tunalielewa bila kufafanuliwa. Mwezi wa sita, mwezi wa saba, unaamka alfajiri nyasi ni nyeupe, jalidi imelala. Jua likitoka unakwenda shambani, unakuta majani ya viazi yamekuwa meusi, yamelegea, kama mtu kayamwagia maji ya moto. Baridi yenyewe ilikuwa ya usiku mmoja. Hasara yake utaihesabu hadi msimu mwingine, maana hata mbegu imeguswa.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Februari 2021 theluji ilianguka hapa siku mbili mfululizo, treni zikasimama. Kisha mawingu yakaondoka, na usiku usio na mawingu juu ya theluji ndio hatari, kwa sababu joto la juu ya theluji linapaa angani, hakuna mawingu ya kulizuia. Jumapili ya tarehe 14, kituo cha hali ya hewa cha hapa Göttingen kilipima nyuzi 23.8 chini ya sifuri. Nilitoka nje dakika kumi tu. Pumzi inaganda kwenye kope, na puani unasikia kama umevuta vumbi la kioo.

Sasa sikilizeni. Jumapili iliyofuata, tarehe 21, kituo hichohicho kilipima nyuzi 18.1 juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi karibu 42 ndani ya wiki moja! Wataalamu wa hali ya hewa wa hapa walisema haijawahi kupimwa tofauti kama hiyo kwa siku saba Ujerumani. Watu wamekaa kwenye nyasi wamevua makoti, na pembeni yao bado kuna malundo ya theluji chafu.

Kilichobadilika ni upepo. Wenzangu wa pwani mtanielewa haraka, kwa sababu mmelelewa na Kaskazi na Kusi. Ulaya hii iko kaskazini sana, na haigandi kila mwaka kwa sababu kwa kawaida upepo wake unatoka magharibi, kwenye bahari ya Atlantiki, na bahari haipoi haraka. Lakini kuna miaka upepo huo unazibwa, nafasi yake inachukuliwa na upepo wa mashariki unaotoka Urusi na Siberia, mkavu, mkali. Ukikaa siku tatu, watu wanalalamika. Ukikaa miezi miwili, unaandikwa kwenye historia. Ila Kaskazi na Kusi wana miadi, baharia anajua mwezi gani atweke tanga. Huu wa huku hauna miadi na mtu.

Tuingie kwenye historia. Ufaransa, mwaka 1709. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari baridi iliingia ghafla. Mito iliganda, maji ya bahari yanayouzunguka mji wa Venice kule Italia yakaganda, mvinyo ukaganda ndani ya mapipa. Mfalme alikuwa Louis wa 14, na nchi iko vitani. Lakini baridi ile ya kwanza haikuwa imemaliza kila kitu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ngano ya huku inapandwa kabla ya baridi, inachipua kidogo, halafu inalala chini ya theluji. Theluji ni blanketi. Juu kunaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, chini yake mche umejifunika salama. Mwishoni mwa Januari hewa ikalainika, ikanyesha, theluji ikayeyuka, watu wakashukuru. Kisha baridi ikarudi mara ya pili, na safari hii ikazikuta ngano hazina blanketi. Mizizi iliganda ndani ya udongo uliolowa.

Kwa hiyo wale walioshukuru walikuwa wanashukuru siku ambayo mavuno yao yalikuwa yanavuliwa nguo. Machipuko yalipofika, mashamba hayakurudi kijani. Bei ya nafaka ikapaa. Waliopata mbegu ya shayiri wakaipanda haraka mahali pa ngano, na shayiri ile ikakubali vizuri, ikaokoa wengi. Hata hivyo, wanahistoria wanakadiria kwamba Ufaransa ilipoteza takriban watu 600,000 katika mwaka huo na uliofuata, kwa njaa na maradhi yanayoambatana na njaa. Waliokufa kwa kuganda wenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Kaka wa Makete, hii inayofuata ni yako hasa, maana ni habari ya viazi. Ireland, mwisho wa 1739 kuingia 1740. Maskini wa Ireland walikuwa wameshaanza kutegemea viazi, na hawakuwa na maghala. Viazi vilibaki shambani ardhini, au kwenye mashimo yaliyofunikwa udongo kidogo, kila siku mtu anachimbua vya kupika. Baridi ikashuka ndani ya udongo ikavifuata hukohuko. Kiazi kilichoganda kikiyeyuka kinakuwa maji na uvundo, hakiliki na hakioti. Kwa majuma machache wakapoteza chakula cha siku zile na mbegu ya mwaka unaokuja, vyote kwa pamoja.

Na mwaka ule haukuwapa nafasi ya kupumua. Machipuko ya 1740 mvua hazikunyesha, malisho yakakauka, ng'ombe na kondoo wakafa, nafaka ikawa haba. Kisha yakaja magonjwa ya kuhara damu na homa za chawa. Waairishi kwa lugha yao wanauita Bliain an Áir, yaani mwaka wa maangamizi. Nchi ilikuwa na watu kama milioni 2.4, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 300,000. Huko Kildare bado umesimama mnara wa mawe ambao mama mmoja tajiri, Katherine Conolly, aliujengesha mwaka ule ili watu wenye njaa wapate kibarua na ujira. Majirani zetu wa Ulaya wanaikumbuka zaidi njaa ya Ireland ya miaka ya 1840, lakini hii ya kwanza ililetwa na baridi ya majuma machache tu.

Sasa nawaleta kwa bibi yangu wa ghorofa ya chini. Si bibi wa damu, ni jirani, lakini kwangu ni bibi. Ilipofika winta, yaani majira ya baridi, ya mwaka 1946 kuingia 1947 alikuwa mtoto wa miaka minane, mjini Hannover, mji umepigwa mabomu, wamejibana watu sita chumba kimoja. Vita imekwisha, chakula ni cha kadi, makaa ya mawe hakuna, na mito imeganda kwa hiyo majahazi ya kubeba makaa yamekwama. Mkesha wa mwaka mpya, askofu mkuu wa Köln, Kadinali Frings, akasema kanisani kwamba katika shida ile mtu anaweza kuchukua kile anachohitaji ili aishi na afya yake isiharibike, kama hawezi kukipata kwa kazi wala kwa kuomba. Watu wakageuza jina lake kuwa kitenzi, "fringsen", maana yake kwenda kuchukua makaa kwenye treni. Bibi anasema vijana wakubwa walipanda mabehewa treni ikipunguza mwendo, wakayatupa makaa chini, na yeye kazi yake ilikuwa kuokota na kuweka kwenye aproni.

Nilipomuuliza kuhusu baridi, alijibu maneno mawili matatu. Nilipomuuliza kuhusu mwezi wa nne mwaka ule, akanyamaza, akainuka, akaleta kiazi kutoka jikoni na kisu. Akanionyesha. Mama yake alikuwa anamenya kiazi ganda nene, akihakikisha kila kipande cha ganda kina jicho. Katikati kikaenda chunguni, maganda yakaenda shambani kuwa mbegu. Alikuwa anakata mbele yangu, polepole, mikono yake inatetemeka, lakini kisu kinajua pa kupita. Nilishindwa kusema kitu, kwa sababu mama yangu mimi aliwahi kufanya vilevile kule Makete, mwaka ambao jalidi ilitumaliza. Na kiangazi cha 1947 kikawa cha ukame. Viazi vya yale maganda, anasema, vilitoka vidogo kama goroli. Wakavila hivyohivyo na ngozi yake.

Mwaka huohuo Uingereza theluji ilianza mwishoni mwa Januari ikakaa hadi Machi. Ilipoyeyuka ikakuta ardhi bado imeganda, maji hayana pa kuzama, na mvua juu yake. Mito ikafurika nusu ya nchi. Mashariki ya Ujerumani mabonge ya barafu yaliuziba mto Oder, kingo zikapasuka, bonde zima likawa ziwa. Waingereza walipoteza karibu robo ya kondoo wao, na viazi vingi viliozea kwenye malundo vilikohifadhiwa. Mwisho wa mwaka ule viazi vikagawiwa kwa mgao, jambo ambalo hata wakati wa vita halikutokea.

Na watu wa Kongwa, kule Dodoma, huu ndio mwaka wenu. Uingereza iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia ndiyo iliyoleta matrekta kwenu 1947 kuja kulima karanga. Mradi ulikuwa umeshatangazwa Novemba 1946, kwa hiyo siwezi kusema baridi ndiyo iliyouleta, lakini winta ile ilikaza haraka yao. Walikuja kulima bila kuuliza mvua za Kongwa zikoje na udongo wake ukikauka unakuwaje. Mwaka 1951 wakaufunga, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda. Wagogo wangewaambia habari za mvua ile bure kabisa.

Basi, kaka, je, baridi kali inaleta kiangazi kikali? Wazee wa hapa wengine wanaamini hivyo. Rekodi hazikubali. Baada ya 1947 kiangazi kilikuwa cha moto, ndiyo. Lakini Februari 1956 baridi iliua mamilioni ya mizeituni kusini mwa Ufaransa, kwa sababu Januari ilikuwa na joto na miti ilikuwa imeshaanza kupandisha utomvu, na kiangazi kilichofuata kikawa cha ubaridi na mvua. Mwaka 1963 ziwa Bodensee liliganda lote, watu wakatembea na sanamu ya Mtakatifu Yohana juu ya barafu kutoka Münsterlingen upande wa Uswisi hadi Hagnau upande wa Ujerumani, desturi iliyoanza 1573. Uingereza winta hiyo ilikuwa baridi kuliko ya 1947, ila theluji ikayeyuka taratibu, mafuriko yakawa kidogo, kiangazi kikawa cha kawaida. Ndiyo maana wazee wanaisimulia wakitabasamu.

Halafu 2018: mwisho wa Februari upepo wa Siberia, Aprili tayari ni joto, kiangazi kikawa ukame mkubwa. Oktoba mto Rhine pale Kaub kipimo kilishuka hadi sentimita 25, meli zinapita nusu mzigo, mafuta yakapanda bei. Na mwaka wangu ule wa 2021, baada ya Februari hiyo, Ufaransa ilipata joto kubwa mwisho wa Machi, mizabibu ikachipua mapema, na wiki ya kwanza ya Aprili jalidi ikaikuta. Wakulima walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari ya mizabibu, maelfu kwa maelfu. Nilitazama picha zile nikalia, nakiri.

Wakulima wa huku wana siku wanazoziogopa, za watakatifu wa barafu, kuanzia tarehe 11 Mei hadi 15 Mei. Ya mwisho wanaiita Sofia wa Baridi. Bibi hatoi mche wowote nje kabla ya siku hiyo, hata jua liwake namna gani. Leo asubuhi amenigongea, amenipa trei ya nyanya alizozisia kwenye makopo ya mtindi. Zina majani mawili mawili. Nimeziweka dirishani upande wa jua, na ameshanionya mara mbili: tarehe 16 Mei, si kabla.

Kaka wa Makete, niandikie mwaka huu jalidi kwenu ilianza mwezi gani, na viazi vya mbegu mmevihifadhi wapi. Nataka nimsomee bibi.