Mnyama Aliyetafuna kwa Nyonga

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na nimeshamwambia hazitoshi, kwa hiyo asinitazame hivyo.

Leo nawaletea wanyama wa majini waliotoweka zamani sana, wale wanaoitwa "nge wa bahari". Nianze na kambale. Mwaka 1818, Westmoreland, jimbo la New York, msomi Samuel Mitchill alipata jiwe lenye mnyama ndani yake: kichwa kipana, mwili unaochongoka kuelekea mkiani, na kichwani vimetokeza vijiti. Akatazama, akasema hizi ndevu, huyu kambale. Habari za ukoo wa kambale mnazijua: baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto naye ana ndevu. Kumbe ndevu zenyewe ni miguu! Ikapita miaka saba. Mwaka 1825 mtaalamu wa wanyama James De Kay akaona kwamba samaki hawi na miguu yenye viungo, akamwita Eurypterus remipes, yaani mwenye bawa pana na mguu wa kasia. Naye akateleza kidogo, akamtia katika ukoo wa kamba.

Mnacheka. Uskoti, huko Angus, wachonga mawe waliona gamba la Pterygotus, jamaa wa Eurypterus, limenakshiwa kama manyoya ya bawa, wakayaita mawe yale maserafi, yaani malaika wenye mabawa. Louis Agassiz, bingwa wa samaki, naye mwanzoni akadhani ni samaki. Kambale, kamba, malaika. Sisi wa leo tunasema "nge wa bahari" na kujiona tumeerevuka.

Nge gani? Nge magando yake makubwa ni jozi ya pili ya viungo. Ile ya kwanza ni vidude vidogo mdomoni. Huyu wetu, anapokuwa na magando makubwa, ni jozi ya kwanza. Mkono si ule! Ni ndugu wa mbali wa nge na buibui, sikatai, lakini undugu si jina. Na wengi wao hawakuishi hata baharini.

Najua kuna anayengoja kuuliza ukubwa. Haya, tuyamalize. Mwaka 2007 lilitangazwa gando la Jaekelopterus, jamaa yao mwingine, kutoka Willwerath, Ujerumani: sentimita 46, gando peke yake. Mwenyewe alikadiriwa mita 2.5. Umeridhika? Sasa turudi kwa Eurypterus remipes, ambaye mara nyingi ana sentimita 13 hadi 23, anaenea kwenye sahani ya wali, na ndiye mwenye mambo.

Mlazeni chali. Chini ya kichwa kuna jozi sita za viungo. Mdomo hauko mbele. Uko katikati, umezingirwa na miguu. Jozi ya kwanza ni vigando vidogo vya kushikia chakula. Jozi tano zilizobaki, shina la kila mguu, pale penye nyonga, limepanuka na kuota meno. Miguu ikienda, nyonga zinasagana, na chakula kiko katikati yake. Taya hana. Nyuma ya mdomo kuna bamba moja linaloziba uwazi kama kawa juu ya chakula. Jozi ya sita, ile iliyokuwa kafi la kuogelea, nayo ina meno shinani! Mguu uleule unapiga kafi na unatafuna.

Mtaniambia, "Mwalimu, huyo si kaa tu?" Nimekuja naye, huyu hapa, wa mikokoni. Mguu wake wa mwisho umebapa kama kafi, kweli. Lakini kaa ana papasi, zile nyuzi za kupapasia kichwani, Eurypterus hana hata moja. Kaa ana taya zake mahususi, zimefunikwa kwa miguu midogo ya mdomoni. Kafi kila mmoja alijitengenezea mwenyewe.

Tumeyajuaje meno ya nyonga? Mwaka 1898 mtaalamu wa visukuku Gerhard Holm alichukua mawe ya kisiwa cha Saaremaa, Estonia, akayayeyusha kwa asidi. Jiwe likaondoka, gamba likabaki, la zaidi ya miaka milioni 400, jembamba la kupitisha mwanga, na vinyweleo vyake. Akavipanga viungo kimoja kimoja, kama fundi saa.

Nasema gamba, sisemi maiti. Visukuku vingi vya hawa ni magamba waliyoyavua walipokuwa wakikua. Kujivua gamba, jamani, si siasa peke yake. Aliyevua alikwenda zake. Sisi tunapima kanzu na kumsimulia mwenye kanzu.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: macho mawili makubwa yaliyopinda kama mwezi mchanga, na mengine mawili madogo katikati. Pingili kumi na mbili nyuma ya kichwa. Matamvua yamefichwa chini ya mabamba ya tumbo, na hayo yalistahili saa nzima, niiteni tena. Mkia wa Eurypterus ni upanga mtupu, msinitafutie sumu humo. Wa mwisho wao walitoweka mwishoni mwa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita.

Maswali. Kaa apitishwe huku mkiuliza, mtazame mguu wa mwisho. Kamba niliyomfungia magando asiifungue mtu.