Ndimu ikifika kileleni: velositi ni sifuri, mchapuko je?

Karibuni. Leo hatuhitaji maabara. Nina ndimu moja, daftari na kalamu. Na wewe tafuta ndimu, tufanye pamoja.

Kwanza irushe wima, ipite kidogo juu ya kichwa, kisha uidake. Rudia mara tatu, macho yako yawe pale inapogeukia. Unaona? Inapanda huku ikipunguza mwendo, inasita kidogo tu, halafu inashuka ikizidi kwenda mbio.

Sasa chora mstari wima daftarini. Tukubaliane: kwenda juu ni chanya, kwenda chini ni hasi. Usiiruke hatua hii, alama nyingi za mtihani hupotelea hapa. Velositi ni mwendo pamoja na uelekeo wake. Mchapuko, yaani velositi inavyobadilika kila sekunde, tunauandika hasi 10 (mita kwa sekunde, kila sekunde), kwa sababu dunia inavuta kwenda chini. Thamani yake halisi ni kama 9.8, na huku kwetu karibu na ikweta ni 9.78 hivi, lakini kwa leo 10 inatutosha. Upinzani wa hewa tuuache kando.

Tuseme mtu mwenye mkono wa nguvu ameirusha kwa mita 20 kwa sekunde. Andika nami. Sekunde 0, velositi 20. Sekunde ya 1, 10. Sekunde ya 2, sifuri. Hapo ndimu iko mita 20 juu, kimo cha mnazi mrefu. Sekunde ya 3, hasi 10. Sekunde ya 4, hasi 20, inarudi mkononi.

Simamisha video ujibu: kwenye sekunde ya 2, mchapuko ni kiasi gani?

Wengi huandika sifuri. Jibu hilo huniuma, maana aliyeliandika velositi kaielewa vizuri, ila sifuri yake kaihamishia kwenye mchapuko. Rudi kwenye jedwali. Kutoka sekunde ya 1 hadi ya 2 velositi imeshuka kwa 10. Kutoka ya 2 hadi ya 3 imeshuka kwa 10 tena. Mchapuko ni uleule, hasi 10. Ungekuwa sifuri pale kileleni, velositi ingebaki sifuri, na ndimu ingening'inia hewani bila tawi.

Mwisho, chora grafu ya velositi dhidi ya muda kwa namba hizo tano. Tumia rula. Utapata mstari mmoja ulionyooka, unaokata sifuri kwenye sekunde ya 2 bila kupinda hata kidogo. Ukimaliza, anza upya na velositi ya 15, uniandikie ndimu inafika kileleni sekunde ya ngapi.